Kabla ya kununua mashine, tuulize mtoto hujifunza vipi

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii ilinijia akilini muhula uliopita nilipokuwa nikiwakagua wanafunzi wangu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya msingi huko Ukambani, mwalimu mkuu alinilaki kwa ukarimu, akanizungusha madarasani, kisha akanifungulia kabati la chuma lililotiwa kufuli mbili. Ndani mlikuwa na vishikwambi vya serikali, vimepangwa safu safu kama matofali, vingine vingali katika makasha yake. "Daktari," akaniambia kwa fahari, "hivi tumevitunza. Hakuna hata kimoja kilichopotea." Nilimshukuru. Sikuwa na neno jingine la kusema, kwani kwa hakika mwalimu huyo alikuwa ametekeleza wajibu ambao aliogopa zaidi kuulizwa.

Nusu saa baadaye nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la Gredi ya Tatu. Mvulana mmoja aliitwa mbele kusoma. Akasoma kwa sauti nyoofu, bila kukwama: "Walipofika nyumbani hawakumkuta." Wenzake wakampigia makofi, na mwanafunzi wangu akaandika alama nzuri daftarini. Niliomba ruhusa, nikamwuliza yule mtoto: "Ni nani ambaye hakukutwa?" Akakitazama kitabu, akaitazama dari, kisha akanijibu kwa heshima: "Nyumbani, mwalimu."

Tulipotoka nje, mwanafunzi wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Daktari, vile vishikwambi vilivyo kabatini vingemsaidia mtoto huyu?" Makala haya ni jaribio la kumjibu yeye, pamoja na walimu wengine ambao bila shaka wamewahi kujiuliza hivyo hivyo.

Ili tujibu swali hili inatubidi kwanza tufunge safari ya mbali kidogo. Mnamo mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Marekani, kilianzisha taasisi ya utafiti wa hisabati katika sayansi za jamii. Mkurugenzi wake alikuwa Patrick Suppes, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2014, ambaye aliiongoza taasisi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Jina la taasisi lilikuwa refu na kavu, lakini swali lililowashughulisha watafiti wake lilikuwa jepesi kutamka na zito kujibu: mtoto hujifunza vipi?

Kuanzia mwaka 1963, Suppes na mwenzake Richard Atkinson walianza kuitumia tarakilishi kulichunguza swali hilo. Mwaka 1965 watoto wa darasa la nne katika shule moja iliyo karibu na chuo waliwekewa mashine mfano wa taipureta, iliyounganishwa na tarakilishi ya chuoni kwa waya wa simu. Kila siku mtoto aliketi kwa dakika chache, mashine ikampigia swali la hesabu, naye akapiga jibu lake. Akipata, aliendelea, akikosa, aliulizwa tena. Mwaka uliofuata, watoto wa darasa la kwanza huko East Palo Alto walianza kufundishwa kusoma na kuhesabu kwa mitambo iliyokuwa kubwa zaidi.

Matumaini ya siku zile yalikuwa makubwa kupindukia. Mwaka 1966 Suppes mwenyewe alibashiri kuwa haingepita miaka mingi kabla ya watoto kwa mamilioni kuipata ile neema aliyokuwa nayo mwanamfalme Alexander, yaani kuwa na mwalimu wake peke yake, mwenye maarifa kama ya Aristotle. Msomaji atatambua kuwa ahadi hiyo ndiyo tunayoisikia leo kuhusu akili mnemba. Imetolewa upya kila mara chombo kipya kinapozuka: kwa runinga, kwa tarakilishi ndogo, kwa intaneti, kwa vipakatalishi, kwa vishikwambi. Aristotle huyo bado anangojwa katika shule nyingi.

Hata hivyo sikusudii kumkejeli Suppes. Jambo la maana katika taasisi yake halikuwa mashine. Lilikuwa mazoea yaliyozaliwa pale. Kwa kuwa tarakilishi ilihifadhi kila jibu la kila mtoto, watafiti waliweza kuona ni swali lipi liliwashinda wengi, ni kosa gani lilirudiwarudiwa, na mtoto alihitaji kukutana na jambo mara ngapi kabla halijakaa akilini. Waligundua kuwa ni afadhali somo ligawanywe katika nyuzi kadhaa zinazosukwa pamoja: leo kijumla kidogo cha kujumlisha, kidogo cha kutoa, kidogo cha vipimo, kesho nyuzi zile zile tena zikiwa zimesogea mbele hatua moja. Mtoto hashindiliwi mada moja kwa wiki mbili kisha ikazikwa. Somo lililowashinda watoto lilirudishwa mezani likaandikwa upya. Kosa lilihesabiwa kuwa la somo kabla ya kuhesabiwa kuwa la mtoto.

Hapo ndipo hadithi inapochukua mkondo ambao wengi wetu hatuujui. Mwaka 1974 taasisi hiyo ya Stanford ilianza mradi wa kufundisha hisabati nchini Nicaragua, nchi maskini ambayo shule zake za mashambani hazingeweza hata kuota tarakilishi. Watafiti wale waliacha chombo na kuchukua maarifa yaliyotokana nacho, wakayaweka katika redio. Redio ya kawaida, ya betri, iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu.

Lakini halikuwa tangazo la kusikilizwa kwa mikono iliyokunjwa. Sauti redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza. Katika ukimya ule wa sekunde chache, darasa zima lilijibu kwa sauti kuu. Kisha redio ikatoa jibu sahihi, ili aliyepata athibitishe na aliyekosa ajirekebishe papo hapo. Ikauliza tena, ikanyamaza tena, somo zima. Urefu wa kila ukimya haukukisiwa ofisini. Watunzi walikwenda darasani na somo likiwa bado bichi, wakawatazama watoto, na pale ambapo wengi walichelewa au walikosa, wakarudi kulitengeneza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981 yalilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa redio, yaliyopewa vitabu vya mazoezi, na yaliyoendelea kama kawaida. Vitabu vilisaidia. Redio ilisaidia zaidi, tena kwa kiasi kikubwa.

Kutoka Nicaragua mbinu hiyo ilikuja hapa kwetu. Baina ya mwaka 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ilishirikiana na shirika la Academy for Educational Development la Marekani katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza hadi la tatu. Masomo ya nusu saa yalirushwa na Sauti ya Kenya, siku za shule, hadi katika shule za mashambani. Katika shule hizo, kwa mujibu wa sera iliyofuata ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, watoto walikuwa wakifundishwa kwa lugha ya mazingira yao, huku Kiingereza kikiwa somo kama mengine. Watoto wa redio walipopimwa pamoja na wenzao wasiokuwa na redio, waliwapita katika kusikiliza na katika kusoma.

Nchi nyingine ziliiona faida hiyo. Lesotho iliyachukua masomo yaliyotungwa Kenya ikayatumia katika shule zake. Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, mbinu hiyo hiyo ilitumiwa kwa Kiswahili katika vipindi vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Yaani maarifa yaliyoanzia kwenye tarakilishi ya California yalipita Nicaragua, yakapita Kenya, yakawafikia watoto wa Unguja na Pemba kwa lugha yao wenyewe. Nimewauliza wanafunzi wangu wa ualimu, kundi baada ya kundi, kama wamewahi kuusikia mradi ule wa Kenya. Sijapata hata mmoja. Na kwa nini wausikie? Ulikamilika mwaka ule ule wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, na taarifa zake zikaandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya waliotoa fedha. Mgeni aliyebeba taa alipoondoka, nasi tukasahau kuwa nuru ile ilitumulikia sisi.

Kama mwanaisimu, kinachonivutia zaidi katika masomo yale ni ule ukimya. Mtoto anayejifunza lugha ya pili huwa na kazi tatu kwa mara moja: kuisikia sauti, kuipambanua maana, na kuyaunda maneno ya kujibu. Ukimnyima nafasi, anayejibu ni yule hodari wa dawati la mbele, na wengine humfuatisha kama mwangwi. Ukimpa nafasi ndefu kupita kiasi, darasa hupoa. Kupima nafasi hiyo ni sayansi, na wala haihitaji kioo cha kuparuza kwa kidole. Inahitaji mtu anayeijua lugha, anayemjua mtoto, na aliye tayari kukaa darasani akiwa na saa na daftari.

Sasa tuyatazame yaliyofuata. Katika kampeni za mwaka 2013 wananchi waliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni zikazozaniwa, mpango ukabadilishwa, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kusambazwa shuleni. Vilivyogawanywa vilipita milioni moja. Haikuwa kazi ndogo, na pako shule zilizovitumia vyema. Lakini swali la Suppes, lile la mtoto hujifunza vipi, liliulizwa lini? Zabuni ilieleza chombo kiwe na kumbukumbu kiasi gani na betri idumu kwa muda gani. Mjadala wetu wa hadharani ulihusu bei, umeme na wezi. Sikumbuki tukijadiliana kuhusu hawakumkuta.

Tena onyo lilikuwapo. Huko Peru, serikali iligawa vipakatalishi kwa watoto, na watafiti wakazichunguza shule 319 za mashambani. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa baada ya miezi 15 watoto walikuwa na mashine nyingi zaidi, lakini hawakuwa wamewapita wenzao katika hisabati wala katika lugha. Na hapa nyumbani, katika Kaunti ya Kisumu, ulifanywa utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Kundi moja la shule lilipewa vishikwambi kwa ajili ya wakufunzi wanaowatembelea walimu; la pili lilipewa vishikwambi vya walimu; la tatu wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Makundi yote matatu yalipata nafuu katika kusoma kuliko shule za kawaida. Hata hivyo, hapakuwa na tofauti ya maana baina yao, ingawa gharama zao zilitofautiana sana. Haikushangaza, basi, kwamba mpango wa Tusome ulioenea nchini kote kuanzia mwaka 2015 ulimpa mtoto kitabu, ukampa mwalimu mwongozo, na kishikwambi ukampa yule afisa anayemtembelea mwalimu.

Wapo watakaonishutumu kuwa ninataka kuwarudisha watoto wa Kenya enzi za redio ilhali watoto wa mataifa mengine wanazungumza na mashine. Sivyo. Ninaitumia tarakilishi kila siku katika utafiti wangu na sitaki kuikosa. Isitoshe, shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, sote tuliona jinsi redio, runinga na mtandao vilivyoweza kuwa tegemeo, na jinsi mtoto asiyekuwa na chochote kati ya hivyo alivyoachwa nyuma. Ninalolikataa ni mazoea ya kutanguliza chombo na kuacha somo lifuate litakapoweza.

Turudi kwa yule mvulana. Neno hawakumkuta lina viungo sita: ha ya kukanusha, wa ya watendaji, ku ya wakati uliopita, m ya mtendewa, kut ambayo ndiyo mzizi, na a ya kumalizia. Mwingereza angehitaji maneno matano kusema hayo. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi zake anaweza kuvuka sentensi nzima bila kuteleza, huku maana imebaki ng'ambo. Kosa lake halisikiki sikioni. Mtoto anayesoma Kiingereza hujikwaa kwenye tahajia, na mwalimu humsikia akijikwaa. Huyu wetu hujikwaa ndani ya neno, kimyakimya, kwenye kiambishi kile cha m.

Basi vipimo vilivyozoeleka duniani huhesabu maneno anayosoma mtoto kwa dakika moja. Nchini Kenya, viwango vilivyowekwa mwaka 2012 vilimtaka mtoto wa darasa la pili asome maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Waliovipanga walitambua kuwa neno la Kiswahili ni mzigo mzito zaidi, nami nawapongeza kwa hilo. Lakini hata maneno 45 hayatuambii kama msomaji anajua nani alimkosa nani. Na je, mtoto wa Kikamba, ambaye lugha yake ya nyumbani nayo ina kiambishi cha mtendewa ndani ya kitenzi, huelewa upesi kuliko mtoto wa Kijaluo, ambaye lugha yake haimo katika ukoo wa Kibantu? Je, mazoezi mafupi ya kuuliza na kunyamaza, yanayorudiwa kidogo kidogo kila siku kama nyuzi zile za Stanford, yangemfanya mtoto akisikie kile kiambishi? Hayo ni maswali yanayoweza kujibiwa. Hakuna kiwanda cha mashine kitakachotujibia, kwani kiwanda hakimjui mtoto huyu, na lugha yake si lugha ya soko lake kubwa.

Kwa maoni yangu, kazi hii ni ya vyuo vikuu vyetu, nami nikiwa mmoja wao sijitoi lawamani. Katika vyuo vingi, wanaisimu tuko jengo moja, walimu wa ualimu jengo la pili, na wataalamu wa tarakilishi jengo la tatu, na aghalabu hukutana kwenye mahafali tu. Sisi wa isimu tumechambua viambishi vya Kiswahili hadi tukavimaliza, bali ni wachache kati yetu waliokwenda Gredi ya Tatu kutazama jinsi vinavyomkwamisha mtoto. Taasisi ya Stanford iliwaweka mwanafalsafa, mwanasaikolojia na fundi wa mitambo chini ya paa moja na kuwapa swali moja. Hatuhitaji fedha za California ili tuige mpango huo.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, chombo chochote kisinunuliwe kwa ajili ya shule zote kabla hakijajaribiwa katika shule chache za kawaida, kando ya shule zisizokuwa nacho, na matokeo yakachapishwa kwa lugha anayoisoma mwalimu. Pili, kila chuo kinachofundisha walimu kiwe na kituo, hata kama ni chumba kimoja, ambamo makosa halisi ya watoto katika Kiswahili na lugha nyinginezo yatakusanywa na kuchunguzwa, na masomo yatatungwa, yatajaribiwa na kurekebishwa. Tatu, mwalimu wa darasa ahesabiwe kuwa mtafiti. Yeye ndiye anayewasikia watoto 60 kila asubuhi. Akiandika katika daftari lake makosa matano tu kwa wiki, pamoja na swali lililoyafichua, atakuwa amekusanya hazina ambayo wengi wetu wenye shahada za uzamifu hatuna.

Nikirudi kwa swali la mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Vishikwambi vile vingeweza kumsaidia mtoto yule iwapo ndani yake mngekuwa na somo lililotungwa na mtu aliyewahi kumsikia akijibu "Nyumbani, mwalimu". Kwa sasa somo hilo halimo. Lakini mwanafunzi wangu alimsikia, nami nilimsikia. Tulikaa chini ya mwembe ule ule, tukatunga maswali kumi mafupi: nani alimwita nani, nani hakumwona nani, nani aliwapa na nani alipewa. Kesho yake aliwauliza watoto, akanyamaza, akangoja. Alinipigia simu jioni akaniambia kuwa katika swali la tatu walikosa karibu wote, na kwamba ilimbidi aliandike upya.

Nilimwambia kuwa hivyo ndivyo utafiti unavyoanza.